Siku Mbili Kisumu Bila Kufika Nyumbani

Mimi ni mwoga, niseme tu mapema. Mama alipopiga simu kuuliza kama likizo ya shule tungefika nyumbani, nilimwambia kazini wamenikatalia ruhusa. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za ploti tunayopanga jijini, mtaa wa Tena, ruhusa nimeshapewa, na ndani mke wangu anapanga nguo za watoto kwenye begi. Tulikuwa tunaenda Kisumu kutembea. Kutoka Kisumu hadi kwa mama ni mwendo wa saa moja.

Tatizo lilikuwa nyumba. Kwetu Wajaluo, mwanamume aliyeoa halali chini ya paa la mama yake. Hulala kwenye simba, ile nyumba ndogo aliyojijengea bomani akiwa kijana. Paa la simba yangu liling'olewa na upepo miaka mitatu iliyopita, na kila Krismasi nikaapa nitaliezeka. Sasa ningemlaza wapi mke wangu, majirani wakitazama? Nikaona heri hoteli.

Asubuhi ya pili watoto walitaka kupanda mashua, zile za mbao za wavuvi, zilizopakwa rangi na kuandikwa mistari ya Biblia ubavuni. Mwenye mashua, mzee mwenye mvi chache, alipiga kasia polepole akiwaonyesha viboko. Nilikuwa na raha kwelikweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kisha nikaona ananikazia macho.

"Wewe si mtoto wa yule mama wa kwaya, kanisani kwetu?" akauliza. "Umefanana na marehemu baba yako mpaka kukohoa."

Katikati ya maji mtu atakimbilia wapi? Nikakubali.

"Kumbe ruhusa ulipata. Mama alituambia kazi imekubana, na Jumapili tulikuombea. Simba umeionaje? Alituita watu wa kanisa, tukabeba mabati kutoka barabarani mpaka bomani, tukaiezeka. Hata kitanda ametandika. Alisema miaka yote hii hamji kwa sababu hamna pa kulala."

Kumbe mama alijua muda wote kwamba tatizo ni paa, wala hakuwahi kunitajia. Mke wangu, ambaye tangu mwanzo alitaka tumwambie mama ukweli, akageuza uso.

Nikamwomba mzee asiseme ametuona. Yeye aliyekuwa ameniombea, nikamwomba anifichie uongo.

"Mimi sina neno," akasema. "Lakini piteni leo, hata chai tu."

Nikamwambia basi letu linaondoka saa nane mchana. Lilikuwa la kesho yake. Alasiri hiyo tulikaa hotelini, mimi na mke wangu hatusemezani, na hapo ndipo ningeweza bado kuinuka na kwenda. Sikuinuka.

Jumatatu, tukiwa tumerudi Tena, mama akapiga. Binti yangu alidaka simu kabla sijaifikia.

"Shosho, tulipanda boti huko Kisumu. Tuliona kiboko laivu."

Akasikiliza kidogo, kisha akanipa simu. Nilingoja nigombezwe. Nilitamani anigombeze.

"Watoto hawakushikwa na baridi huko majini?" akauliza mama.

"Hapana, mama."

"Vizuri. Na mlilala wapi?"

"Kwa rafiki," nikasema.

"Mwambie nimeshukuru," akasema, "kwa kuwapa wanangu pa kulala."