Ampli Yangu Haikwaruzi

Mume wangu alisema ampli yangu inakwaruza, na alilisema hilo mbele ya wifi yangu, kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani. Nikikumbuka, damu bado inanichemka.

"Mama, iyi kitu yako iko nakwaruza. Mutu wa habari anasoma kama iko na muchanga mu kinywa."

Wifi akacheka. Mimi nilikuwa fundi wa redio pale mtaa wa Jabe, mwanamke pekee kwenye mstari ule wa vibanda, na nilikuwa nimechoka na wanaume wanaoniwekea redio mezani halafu wanauliza fundi yuko wapi. Ampli ile, kikuza sauti kidogo cha hedifoni, niliiunda kwa mikono yangu, kwa vipuri nilivyonyofoa kwenye redio zilizokufa, maana ilikuwa vita, mipaka ilikuwa imefungwa na kitu kipya hakikupatikana. Nilimwundia yeye. Alikuwa dereva wa pikapu ya mkate ya mfanyabiashara mmoja Mwarabu, na kila jioni alitaka habari ajue barabara ipi haipitiki. Lakini saa hizo hatukuthubutu kuacha redio isikike nje, watu wasijue tunasikiliza nini. Ndiyo maana ya hedifoni. Na shukrani yake ndiyo hiyo, mchanga mdomoni!

Nikaibeba hadi kibandani. Nikaingiza mlio mmoja safi, nikafunga rezista ibebe mzigo mahali pa hedifoni, nikatazama wimbi la sauti kwenye kioo cha osiloskopu. Laini, limeviringika vizuri juu na chini. Nikaazima kile kipimo kinachoonyesha sauti imeharibika kiasi gani. Sindano haikujisumbua kusogea. Nikamrudishia. Akavaa, akakunja uso. Inakwaruza. Nikabadilisha kapasita, nikalehemu waya upya, nikapima na hedifoni zenyewe badala ya rezista. Mezani kwangu safi, kichwani kwake mchanga. Wifi akashauri tumtafute fundi wa kweli huko Kigobe. Niliyomjibu siyaandiki hapa.

Jioni moja, habari zikiwa katikati, geti likagongwa. Ilibidi nimguse bega. Akavua hedifoni, akaziacha mezani, akatoka. Siku zote kabla ya kuzivua alikuwa anarudisha sauti chini kabisa, nami nilidhani ni adabu tu ya kutunza betri. Safari hii alisahau. Nikazivaa nisikie huo mchanga, nikazing'oa kwa mikono miwili. Sauti ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Hakuna mtu mwenye masikio mazima anayeweza kukaa ndani ya kelele ile.

Mimi siku zote nilikuwa nimepima kwa sauti inayotosha masikio yangu.

Asubuhi nikapima tena, safari hii nimefungua hadi mwisho. Vichwa vya wimbi vilikuwa vimekatwa bapa, na sindano iliruka. Betri haikuwa na nguvu za sauti kubwa namna ile. Ampli ilikuwa inakwaruza kweli.

Nikafunga kibanda, nikamkuta akipakia mkate kwenye pikapu. Nikasimama mbele ya uso wake, aione midomo yangu.

"Papa, tangu lini?"

Alielewa mara moja. "Tangu ile bombe yenye ilipasuka ku garaje."

"Na ku bariyeri, wakisema simama?"

"Naangaliaka mikono yao."

"Na giza ikiingia?"

Akaendelea kupanga mikate. Jamani! Kwenye vizuizi vile vya barabarani askari waliita mara moja tu, na gari lisilosimama hawakulibembeleza. Miezi yote hiyo mwanamume huyu alikuwa anaacha wanawe mezani na kwenda kubahatisha, na ujasiri wake wote aliutumia kuisema vibaya ampli yangu. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia waliolirusha bomu lile, na sindano ile ya kipimo iliyonyamaza nikaikasirikia pia.

"Acha iyi kazi."

"Batoto watakula nini?"

Nikapanda, nikakaa kiti cha abiria, kando yake.

Tulichelewa kutoka mtaa wa Kinanira, tulikopeleka mkate wa mwisho, na giza likatukuta njiani. Nilisikia "Simama!" kabla sijaona mtu. Yeye aliendelea kukanyaga mafuta, macho mbele, ametulia kabisa. Nikampiga paja kwa nguvu zangu zote, akafunga breki. Askari akatumulika tochi usoni, akauliza kama tumechoka kuishi.

"Bwana yangu hasikiake," nikamwambia.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa, na nililitamka kwa ukali, kwa sauti kubwa. Mume wangu alikuwa anaitazama mikono ya askari.