Mke Mwenza Mwenye Singa Nyeupe

Wanawake wengine huletewa mke mwenza mrembo, wengine huletewa mkorofi. Fundi, mshonaji wa sare za shule aliyeweka cherehani yake sebuleni penye mwanga, aliletewa punda. Acha kucheka. Yeye mwenyewe hakuwahi kucheka.

Mumewe alikuwa mlishaji katika bustani ya wanyama, na punda huyo hakuwa wa kubeba mizigo. Alikuwa punda-mwitu jike mwenye singa nyeupe, wa mwisho wa aina yake duniani, na wageni walitoka mbali kuja kumpiga picha. Mumewe alimwita Bibie. Kila jioni alirudi nyumbani akinuka majani makavu, na hata viatu hajavua, ameshaanza. Leo Bibie kasusa chakula. Leo Bibie kanitambua kwa hatua tu. Kuna siku Fundi alijishonea gauni la kukata na shoka, akageuka mbele ya mumewe taratibu ili alione hadi mgongoni. Mume alilitazama, akatabasamu.

"Zuri kweli," alisema. "Rangi yake kama masikio ya Bibie."

Gauni lile Fundi alilifumua siku ileile akalifanya foronya.

Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, muuguzi alitoka nje kumtafuta baba, asimwone. Baba alikuwa zizini, anamkanda Bibie tumbo lililojaa gesi. Fundi alimeza hilo nalo. Alimeza mengi, kwani angemshtaki nani, na kwa nani? Ukisema mume wangu ana mwanamke nje, ndugu watakaa kikao. Ukisema ana punda, watakupa pole huku wameziba midomo wasicheke.

Bibie alipokufa kwa uzee, majirani walikuja kumpa mumewe, sasa mzee, pole. Fundi alipitisha chai, uso kaukunja kama mfiwa, moyoni anacheza ngoma. Alijua sasa zamu yake imefika.

Haikufika. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo hakuna aliyemwonya, kwamba mke mwenza aliye hai ana nafuu. Huyo huchoka, hununa, huzeeka. Bibie aliyekufa hakuwa na kasoro tena, na kila mwaka uzuri wake uliongezeka. Mzee alisahau kabisa kwamba punda huyo alimng'ata bega hata shati likachanika. Fundi hakusahau, maana yeye ndiye aliyelishona. Na juu ya kabati la chumbani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake kipande cha ngozi ya shingo pamoja na singa zake, alichoruhusiwa mzee kukata siku ya kumzika. Kopo hilo mzee alilifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Mtu ambaye ndani ya nyumba ile hajawahi kufuta hata meza!

Basi siku moja, mzee akiwa amekwisha kustaafu, akaja daktari wa wanyama. Alikuwa binti mbichi, mzuri, wa aina ambayo mke mwingine angemkalisha mbali na mumewe. Fundi alimkalisha kando ya mzee bila wasiwasi. Wivu wake wote tayari ulikuwa na mwenyewe.

Binti aliwaamkia wote wawili, akapokea chai, kisha akaeleza shida yake bila kuzunguka. Yeye na wenzake wa maabara walitaka kumrudisha duniani punda mwenye singa nyeupe. Wangechukua chembe kutoka kwenye ngozi kavu, watengeneze mimba, waipandikize katika tumbo la punda wa kawaida, naye angemzaa Bibie yuleyule. Mifupa iliyobaki bustanini ilikuwa imeharibika. Walisikia kwamba mzee ana ngozi.

Fundi alisubiri mumewe aruke kwa furaha, na roho ikaanza kumuuma kabisa kabla ya wakati. Lakini mzee alitikisa kichwa.

"Hapana, binti yangu. Mwacheni apumzike."

"Kwa nini asirudi?" Fundi alidakia, na wote wawili wakamgeukia kwa mshangao.

Alikuwa amepiga hesabu zake haraka. Arudi! Arudi na mateke yake na kinyesi chake, amng'ate mzee bega la pili. Asimame pale, punda kama punda wengine, asimjue mzee wala habari zake. Aliyekufa hakuwa na jinsi ya kumshinda, lakini aliye hai angemweza.

"Wajukuu zetu nao wamwone," alisema kwa sauti ya mtu mwema. "Si sisi wanadamu ndio tuliowamaliza? Basi tuwarudishe."

"Mama kasema kweli," daktari akafurahi. "Hata sisi ndivyo tunavyosema."

"Nyinyi hamkumsikia," mzee alisema. "Kila asubuhi alikuwa anasimama kwenye uzio, analia. Analia, halafu ananyamaza, masikio juu, anangoja ajibiwe. Hakuna wa kumjibu. Dunia nzima hakuna! Ndiyo maana nilikuwa nawahi kazini, nisimame naye tu, asijione yuko peke yake. Leo nimfufue ili aanze upya kungoja?"

Akajifuta macho kwa kiganja.

Machozi hayo yalimkata Fundi maini. Huruma yote hiyo ilikuwemo ndani ya mtu huyu, nayo ilikuwa ikitoka nyumbani kila alfajiri kwenda kwa mwingine. Ulimi ukamponyoka.

"Na mimi je?"

"Wewe umefanyaje?"

"Mimi nani alikuwa ananijibu? Nimekaa kwenye kiti kile," alisema, akionyesha cherehani, "nakuita uje ule, nakuita uje uone mtoto kasimama. Na mimi masikio yangu yalikuwa juu, baba watoto! Punda akilia mara moja unajua ana upweke. Mimi mkeo sijui nilie vipi ndipo usikie."

Daktari aliinamia kikombe chake kana kwamba kuna kitu amekiona ndani.  Mzee aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo, akaliweka mapajani mwa mkewe.

"Amua wewe," alisema. "Mimi nimelikalia mno."

Fundi alifungua. Singa zilikuwa chache, zimegeuka manjano kama uzi wa zamani, na zilinuka vumbi. Huyu ndiye? Adui wa maisha yake yote alienea kwenye kiganja kimoja.

"Mtatengeneza wangapi?" alimuuliza daktari.

"Mmoja, mama, kwa kuanzia."

"Atakaa na nani?"

"Tutamchanganya na punda wa kawaida. Hata tukipata wengi baadaye watakuwa ni yeye yuleyule, kwa sababu ngozi ni hii moja tu. Dume hatuna."

"Kwa hiyo atasimama kwenye uzio."

 Fundi akafunga kopo.

"Katafuteni dume kwanza," alisema. "Mkimpata njoo, nitakupa mimi mwenyewe. Mwanamke hafanyiwi hivyo mara mbili."

Binti aliaga kwa adabu, akaenda zake. Mzee hakumsindikiza. Alivuta kigoda, akakaa karibu na cherehani, mahali ambapo hajawahi kukaa tangu waoane, akaushika mkono wa mkewe. Fundi alihisi moyo unamwenda mbio kama msichana. Mumewe alikuwa anamtazama sawasawa, macho yamelowa, kama mtu aliyemwona akiingia sasa hivi.

"Bibie angekupenda sana," alisema.

Neno hilo Fundi alilingoja tangu aolewe. Limekuja, na mwenye kupenda ni punda.