Mlango Wangu wa Bluu

Niliupaka mlango wangu rangi ya bluu Jumamosi asubuhi, na kabla sijaosha brashi mama mwenye nyumba akaja kuukagua. "Mwalimu, hiyo ni rangi ya zahanati," alisema, akaingia ndani kuangalia mengine. Hakuwahi kubisha hodi. Nyumba ni yake. Nilinuna. Nimetoka Singida kuja kufundisha Nyamwaga, na katika nyumba ile kitu pekee nilichokuwa na amri nacho ni ule mlango wa mbao.

Saa nane mchana nikasikia ukelele. Mama mwenye nyumba alikuwa amepanda kwenye ghala lake la mahindi, ngazi ikateleza, akaanguka chali. Nilipofika alikuwa anaitukana ngazi, nikapata moyo. Kisha akasema polepole, "Miguu yangu siisikii vizuri." Hapo nikaogopa kweli.

Vijana wanne walikuwa wamekwisha kuleta pikipiki. Huku majeruhi hupakiwa mshikaki: dereva mbele, mgonjwa katikati, na mtu nyuma wa kumkumbatia asidondoke. Wana nia njema na wepesi wa ajabu. "Mura, shika kwapani!" mmoja alimwambia mwenzake; kijana huku huitwa mura.

Mwezi uliotangulia mwalimu mkuu alikuwa amenituma kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Nilienda shingo upande, nikasinzia baada ya wali, ila jambo moja lilinikaa: aliyeumia mgongo hakalishwi wala hakunjwi. Anabebwa amenyooka, juu ya kitu kigumu.

"Msimguse!" nilifoka, kwa sauti ya darasa la sita. Wakaganda.

"Sasa tumbebe na nini, Mwalimu?"

Kitanda kisingepita kwenye kijia cha migombani. Mlango wake yeye ni wa chuma, mzito. Jibu nilikuwa nalo, na nakiri nililikawiza kidogo.

"Ng'oeni mlango wangu."

Rangi ilikuwa haijakauka. Mimi nilishika kichwa chake, wao wakamgeuza mwili wote kwa pamoja, tukamlaza, tukamfunga kwa vitenge vitatu. Barabarani tulipata gari aina ya Noah, dereva akakubali kukunja viti. Njia nzima nilikibana kichwa chake kwa viganja, nikimwomba asigeuke. Hakugeuka. Alitazama juu, akasema, "Nilikwambia rangi hii mbaya." Nilicheka huku machozi yananitoka.

Kituo cha afya, muuguzi alishtuka kuona mikono ya mama imekuwa ya bluu, akadhani damu haitembei. Tulipomweleza akacheka mpaka akashika meza. Halafu akapitisha kalamu kwenye nyayo za mgonjwa. Vidole vikacheza, kidogo sana. Akapelekwa hospitali kubwa juu ya mlango uleule, na huko daktari akasema mfupa wa mgongo umevunjika. Angekalishwa kwenye pikipiki, huenda asingetembea tena.

Kwa wiki kadhaa niliishi nyuma ya pazia la kitenge. Mbuzi waliingia watakavyo, wakala madaftari mawili ambayo nilikuwa bado sijasahihisha. Mlango uliporudi ulikuwa na mabaka mawili, pale mabega ya mama yalipobandua rangi. Fundi alitaka kuyaziba, nikamkatalia.

Mama mwenye nyumba alirudi nyumbani, lakini wanawe walisema bado yuko kitandani, na sikuthubutu kuuliza zaidi. Jioni moja nikiwa nasahihisha, mlango ukagongwa.

"Nani?" niliuliza bila kuinuka, nikidhani ni mwanafunzi.

"Fungua, Mwalimu. Nimechoka kusimama."