Taa ya Injini na Yamini ya Mzee Jaribu

Mzee Jaribu ameuza petroli hapa mtaani kwetu Jadida, Wete, kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsema vibaya ila mimi. Naanza na hilo makusudi. Nikianza na jengine nitatafuta pa kujificha, najijua.

Mimi ni fundi wa magari hapa Wete. Jina langu Hafidh, lakini watu waliniita Sikio, kwa sababu nilikuwa nikijigamba kwamba maradhi ya injini nayajua kwa kuisikiliza tu. Zile mashine za kusoma makosa ya gari niliziita redio za wavivu. Wateja wakicheka, nami nikazidi kuvimba kichwa.

Mzee Jaribu hakuwa na majigambo. Mrefu, mkavu, kofia yake haitoki kichwani. Mafuta yake aliyapanga kwenye madumu ya manjano kibandani pake karibu na msikiti, na mdomo wa mpare, ile faneli ya kumiminia, aliufunga kitambaa safi ili uchafu usipite. Ukimharakisha alikujibu, "Ngoja yachuje, mwanangu. Ng'ombe akipewa kibaya hukataa, gari haikatai." Vituo vya mafuta vikikauka, dumu moja hakumuuzia yeyote. Hilo lilikuwa la kuwapelekea hospitali wagonjwa na wenye uchungu wa kuzaa. Mke wangu mwenyewe alikwenda kumzaa mtoto wetu wa pili kwa mafuta ya dumu lile.

Mwaka jana, Mwalimu Khairat aliniletea gari yake nimbadilishie gasketi ya ekzosi, lile bomba la moshi. Ilikuwa Ijumaa, saa ya sala inakaribia. Nikafungua, nikabadilisha, nikafunga mbiombio, nikaenda kuoga.

Baada ya siku nne akarudi. Taa ya injini imewaka, ile ya manjano, na gari inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Nikaisikiliza. Nikaenda nyuma nikaunusa moshi, mikono kiunoni, watu wananitazama.

"Mwalimu, mafuta umetia wapi?"

"Kwa Mzee Jaribu. Vituo vyote wiki hii vimekauka."

"Basi, maneno yamekwisha. Hii petroli imechanganywa mafuta ya taa."

Nilisema kwa sauti, na gereji ilikuwa imejaa. Nikamwaga tangi zima, nikasafisha plagi, nikachomoa betri kwa nusu saa, nikairudisha. Taa ikazimika. "Mmeona?" nikawauliza, na wote walikuwa wameona. Sasa nikwambie aibu yangu ya kwanza. Ukichomoa betri taa huzimika hata kama ubovu upo palepale, gari husahau kwa muda tu. Hata siku ile nilikuwa nalijua hilo. Lakini nilitaka kuwa sahihi mbele za watu, na kuwa sahihi kulinikolea kuliko haki ya mtu.

Mji wetu mdogo, na neno halihitaji petroli ili lifike. Haikutimia wiki, madereva wakawa wanapita kibandani kwa Mzee Jaribu hawasimami, wenye vespa wanageuza uso. Siku moja akaja mwenyewe gereji kwa miguu.

"Hafidh, nimesikia maneno. Nataka nisikie kwa mdomo wako. Mie nachanganya mafuta?"

Ningeweza kusema sina hakika. Nikamjibu, tena nikitabasamu, "Mzee wangu, sikusema mimi. Imesema taa."

Akaiweka sawa kofia yake. "Haya. Kesho baada ya laasiri ntashika Msahafu."

Kwetu mtu akifika hapo amefika mwisho. Yamini, kiapo cha Msahafu, haishikwi ovyo, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba anayeapa uongo hapitishi muda kabla Mungu hajamuonyesha adhabu. Kesho yake msikiti ulijaa kama Ijumaa. Shehe Zahran, imamu wetu, alijaribu kumzuia.

"Mzee Jaribu, yamini nzito. Hapana aliyekushitaki."

"Kanishitaki ntu mbele ya mji mzima, Shehe. Anishitaki vipi tena?"

Shehe akageuza macho, akanitazama mimi. Neno moja lingetosha: yaishe, mzee, nimekuamini. Lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikainamisha kichwa nikauangalia mkeka. Mzee Jaribu akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa kwamba hajatia tone la mafuta ya taa katika petroli, wala hajui kama limetiwa, na kama asema uongo basi Mungu amuonyeshe hapahapa duniani.

Siku ya kumi na mbili baada ya yamini alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Ulikuwa msimu wa karafuu, amepanda mwenyewe shambani pake, tawi likakatika, akavunjika paja. Habari ilipofika gereji watu wote walinigeukia, wakingoja fundi aseme. Nikasema, "Yamini haina mchezo."

Maneno mawili matatu tu. Kama kuna kitu ningeweza kukirudisha kinywani nikakimeza, kingekuwa hicho. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kuanzia hapo Mzee Jaribu hakuwa tena mtu anayeshukiwa. Alikuwa mtu aliyeapa uongo na Mungu akamshika. Kibanda kikafungwa.

Skuli zilipofunguliwa, Mwalimu Khairat, ambaye likizoni alikuwa haitumii sana gari, akaanza kwenda kusomesha Chake Chake kila siku, na taa ikawaka tena. Safari hii mafuta yalikuwa ya kituoni. Fundi mmoja wa huko akaipima gari kwa mashine, akamwandikia kikaratasi. Mwalimu akaniletea kwa adabu zake zote.

"Fundi, sikuja kugombana. Wamesema ni sensa ya oksijeni."

Sensa hiyo ni kidude kilichochomekwa kwenye bomba la ekzosi, kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia injini iongeze mafuta au ipunguze. Ikisema uongo, injini hunywa mafuta ovyo na taa huwaka. Nikaingia chini ya gari. Waya wa sensa ulikuwa umelalia bomba, umeungua mpaka shaba inaonekana. Unatakiwa ushikwe na kibanio usiguse moto. Kibanio kilikuwepo, kizima, kinaning'inia wazi. Nilikifungua mimi Ijumaa ile nilipobadilisha gasketi, nikasahau kukifunga. Mimi na pua yangu na sikio langu. Nyani haoni kundule.

Nilikaa chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilipotoka, Mwalimu akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia, "Sensa imechoka tu. Uzee." Ndiyo, hata hapo nilisema uongo.

Siku tano sikula chakula kikashuka. Mke wangu akaniuliza kama naumwa, nikasema jino. Sensa mpya ilipofika kwa meli niliifunga mwenyewe, nikafunga na kibanio, nikakivuta mara tatu kuhakikisha. Ile ya zamani niliitia mfukoni, kila nikikaa inanichoma pajani.

Ijumaa, baada ya sala, kabla watu hawajainuka, nikasimama. Nikasema kosa lilikuwa la mkono wangu, mafuta ya Mzee Jaribu yalikuwa safi, yamini yake ilikuwa ya kweli, na aliyesema uongo ni mimi. Sauti ilikuwa nyembamba, si ile ya gereji. Hakuna aliyenitukana. Mwalimu mmoja wa madrasa alinisogezea viatu vyangu mlangoni kwa mguu wake, asinitazame. Hata hivyo nilitoka nikijiona nimetua mzigo. Nikapita nyumbani, nikachukua bakuli la supu na mkate wa ufuta, nikaenda kwa Mzee Jaribu kama mtu anayekwenda kupokea msamaha wake.

Bi Time, mkewe, alinifungulia. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Mzee alikuwa kitandani, mguu umenyooshwa, midomo imekauka. Amekonda. Habari ya msikitini ilikuwa haijamfikia.

"Mzee, nimekuletea supu."

"Ahsante, mwanangu. Nimefunga."

"Mgonjwa anafunga, Mzee?"

"Hii kafara, funga ya siku tatu ya kufuta kosa. Ya yamini. Leo ya tatu." Akavuta pumzi. "Nimelala hapa nikiwaza dumu lipi. Pengine kuna dumu lilitiwa mafuta ya taa zamani, nami nikalinunua nisijue. Pengine mpare. Mungu hamuangushi ntu bure, Hafidh. Hwenda niliapa uongo nisijijue."

Mimi nilidhani nimemharibia jina kwa watu. Kumbe nilikuwa nimemharibia na kwa nafsi yake. Nikapiga magoti pale chini, nikatoa sensa mfukoni, nikampa, nikamweleza yote, kibanio, betri, na ule uongo wa uzee. Bi Time mlangoni akaanza kulia. Mzee akaupapasa waya ulioungua kwa kidole gumba.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Nna hakika, Mzee."

"Hata ile siku ulikuwa na hakika."

Bi Time akaleta kikombe cha maji, akamwambia, "Kunywa, bwana. Huna kosa. Hukuwa na kosa."

Mzee Jaribu akautazama mwanga dirishani. Magharibi, saa ya kufuturu, ilikuwa bado mbali. Akakisukuma kikombe pole pole.

"Ntaimaliza," akasema. "Ikiwa mie sina kosa, basi kafara hii iwe yako weye."

Nilibaki pale chini na bakuli langu mpaka supu ikapoa.