Meneja aliwekeza kwa fundi wa Laini Saba, fundi akapoteza karakana

Wakuu, salamu zenu. Ninayoyaandika niliyashuhudia mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mzaliwa wa Laini Saba, Kibera. Baada ya chuo niliajiriwa katika idara ya ununuzi ya kampuni moja ya gesi.

Vizimba vya chuma vya kuwekea mitungi mbele ya maduka tulikuwa tukivinunua kwa jirani yetu, Fundi Wekesa, pale kando ya reli. Kazi yake ilikuwa safi.

Mashine yake ya kuchomelea ikaungua. Kanisani tukaitisha harambee. Meneja wangu, Bwana Oduor, muumini mwenzetu, akasimama akasema atanunua mashine mpya, ila isiwe sadaka, awe mshirika.

Vigelegele!

(Kwetu, mtu akikuinua mbele ya kanisa, hakuna anayemuuliza maswali.)

Mimi niliuliza. Bwana Oduor ndiye aliyeidhinisha oda za Wekesa, na sasa alikuwa akigawana naye faida. Nilimfuata ofisini nikamsihi awaarifu wakurugenzi.

"Wewe kijana, hii si ufisadi. Si tunainua tu mtu wetu?"

Sikulegeza msimamo. Mwishowe akawaarifu.

Nilitarajia aondolewe kwenye maamuzi ya oda hizo, au aachie sehemu yake. Kampuni ikaona njia rahisi zaidi: ikamwondoa Wekesa. Oda zikahamia karakana moja ya Kawangware. Bwana Oduor akasifiwa kwa uwazi wake, kisha akaichukua mashine.

Wekesa akafunga karakana.

Juzi nilitumwa Kawangware kukagua vizimba. Kibarua aliyekuwa akivipaka rangi alikuwa Wekesa.

"Niaje, mtu wa ethics, mzee wa maadili!" akanitania, wenzake wakacheka. Kisha akashusha sauti. "Ulisema ukweli, kijana yangu, sikulaumu. Lakini mama watoto ananiuliza huo ukweli unaliwa na mboga gani."

Nikaendelea kukagua. Vizimba vilikuwa sawa. Nikatia sahihi.

Bado naamini conflict of interest, yaani mgongano wa maslahi, lazima itangazwe. Ila nimejifunza kwamba kutangaza ni nusu tu ya haki. Nusu ya pili ni kuhakikisha anayeondoka mezani ni mwenye mgongano, si mnyonge aliye karibu naye.

Ninyi mlio maofisini, mngefanyaje? Nikosoeni bila huruma.

Na kama kuna anayehitaji fundi wa chuma mwaminifu, aniandikie hapa. Namjua mmoja. Hana mashine.