Mbuzi wa Mvua Ile

Kumbukumbu yangu ya kwanza ni ngamia aliyenitemea mate usoni. Nililia sana, na baba akanipangusa kwa shuka lake huku akicheka. Lakini ngamia si hoja, nilitaka kusema tu kwamba baba alikuwa mtu wa kucheka.

Juzi niliona maji yamesimama nje ya Garissa, yananuka, mbu wanalia juu yake, nikakumbuka mvua iliyogeuza malisho yetu ziwa. Mchana ule mbuzi wetu, mali yetu yote, walianguka damu ikiwatoka puani. Baba alikimbia na kisu, "Bismillahi, Allahu Akbar," awahi kumchinja kila mmoja asife kibudu. Nilipoona nyama nyingi vile nikapiga makofi.

"Hooyo, leo Idi?" nikamuuliza mama.

"Idi gani, wewe? Nyamaza!" mama akasema.

Sikujua kwamba hata nyama yenyewe ilikuwa na ugonjwa, haikufaa kuliwa.

Wa mwisho alikufa kabla baba hajamfikia. Akafuta kisu kwenye nyasi, akampa mama.

"Baba Halima, unaenda wapi?" mama akamwuliza, kwa jina langu.

Nilidhani anakwenda kutuletea mbuzi wengine. Aliingia katika yale maji ya mvua, yakamfika magotini, akaendelea kutembea, na hakurudi tena.