Maji Yalifika Marui

Harufu ya kambare wa moshi hainiachi nikae. Nikiisikia sokoni nainuka na kutafuta pa kupita, kana kwamba tope la Ruvu bado linaninyemelea miguuni. Nilikuwa binti mdogo, enzi za Mwingereza, na nyumba yetu ilikuwa bondeni, chini ya Mlandizi, ambako kila masika mto hupanda mashambani kisha hurudi. Masika ile haukurudi. Baba alitupakia mtumbwini mama na mimi, akamwita kaka yangu Shabani. Shabani ndiye aliyekuwa akikausha kambare na kuwapeleka kuuza vijiji vya juu, Kisarawe. Alikuwa na tenga lake kichwani, maji magotini. "Tangulieni, baba! Mimi nakimbilia kilimani, kule maji hayafiki!" Hatukumwona tena, wala maiti yake hatukuipata.

Matangani wanaume walikaa nje kwenye jamvi. Baba mdogo, ambaye ulimi wake haukujua msiba, akasema, "Wallahi, huyu ni mwana wa Nuhu mtupu. Baba anaita, yeye anakimbilia mlima! Na gharika ile ilifunika dunia nzima, mlima gani ungemwokoa? Msiba wa kujitakia hauna kilio." Mwalimu wetu wa madrasa akamkatiza. "Taratibu, bwana. Nuhu alitumwa kwa watu wake. Wapo wanaosema maji yaliwafika hao tu. Na mtu akifa maji ni shahidi, pepo ni yake." Wakabishana, huyu anasema dunia nzima, huyu anasema nchi moja, mpaka kahawa ikapoa. Mama alikuwa ndani na wanawake, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Tangu hapo hakutulia. Alikuwa akianza kutwanga anaacha, anaweka chungu motoni anasahau maji. Kama gharika hufunika kila mahali, basi mwanawe alikufa mkaidi na mpumbavu. Kama kilima kilibaki kikavu, alikuwa kijana aliyejua njia, akakosa muda tu.

Njia zilipokauka kidogo, mama alinishika mkono tukaifuata njia ya Shabani. Kila tulipokuta watu aliuliza, "Maji yalifika hapa?" Kijiji cha Vihingo walimcheka. "Mama we, huku mihogo inakauka, unatuuliza maji!" Nilidhani atafurahi, maana hilo ndilo jibu alilolifuata. Lakini alizidi kukaza mwendo, mimi nikikimbia nyuma yake, miiba ikinichana. Ukavu ule haukumpa kitu cha kushika, wala kaburi wala mtu wa kulia naye.

Kijiji cha mbele, Marui, tulimkuta mwanamke barazani, anasuka ukili wa mkeka. Mama hakungoja hata maji ya kunywa. "Dada, maji yalifika hapa?" Yule mwanamke alitazama vumbi la uwanja wake, kisha akatutazama miguu. "Yalifika," akasema. "Tulikuwa na kijana wetu wa kambare, Shabani. Mcheshi huyo! Akiniita shangazi ili nisilalamikie harufu ya samaki wake. Tangu masika hajapita. Tulijua maji yamemchukua. Tumekwisha kumlilia hapa." Mama akakaa palepale vumbini. Akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mtumbwini, na yule mwanamke akaacha ukili wake akaja kulia naye.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; mimi niliujua baadaye, kwa wangu. Njia ile ya miguu siku hizi hupitwa na pikipiki, na mtu hufika kijijini asiulizwe ametoka wapi. Juzi nilikuwa kituo cha Kwa Mathias nikingoja basi, na karibu yangu vijana wakibishana juu ya gharika ya Nuhu, kila mmoja na simu yake mkononi: ilikuwa dunia nzima, ilikuwa bonde moja. Mmoja akanigeukia. "Shikamoo bibi. Hebu tuamulie wewe."

"Marahaba," nikamjibu. Pale jirani mtu alikuwa anauza kambare, nami nilikwisha kuinuka. "Maji ya Nuhu siyajui, mjukuu wangu. Ya Ruvu yalifika Marui."